Oili Si Oili Tu

Kila asubuhi Mama Gesi alifunga mitungi ya gesi nyuma ya pikipiki yake, akakaza kamba, akaanza kupanda mlima. Wateja wake wengi walikaa juu. Mtaa mzima ulimjua. Usipompisha njiani, utaisikia honi yake. Ukizidi kukaidi, utausikia mdomo wake.

Lakini wiki hiyo mlima ulimgomea. Alipovuta mafuta, injini ilipiga kelele, ila tairi halikuwa na habari. Ikabidi ashuke asukume. Vijana wa kijiweni wakacheka.

"Mama, uza hiyo, ununue punda!"

"Nikinunua punda nitamfunga hapo mlipo," alijibu akihema. "Mtaelewana."

Nyumbani alimkuta shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake. Huyu alikuwa fundi, na pikipiki zote za ukoo zilipita mikononi mwake. Watu walimwita Spana. Alisikiliza injini kidogo tu, akatikisa kichwa.

"Klachi inateleza, nguvu ya injini haifiki kwenye tairi. Umeiunguza wewe, shemeji. Mkono wako mzito. Nitabadilisha oili, halafu pikipiki apewe mdogo wetu wa mwisho. Wewe tafuta kazi ya kukaa."

Mume wa Mama Gesi alikohoa, akatazama viatu vyake. Kwao kaka mkubwa hajibiwi.

Spana akachukua dumu na faneli. "Oili hii ni ya gari, sintetiki, ya bei kubwa. Ndiyo niliyokuwekea mara ya mwisho. Inaendesha magari makubwa, itashindwa na kipikipiki?"

Mama Gesi akashtuka. Kumbe! Kabla ya oili hiyo, mlima alikuwa anaupanda bila shida.

"Shemeji, weka faneli chini."

"Unasemaje?"

"Weka chini. Pikipiki ni yangu, na mlima napanda mimi."

"Unanivunjia heshima!"

"Heshima yako iko palepale, shemeji. Oili ndiyo haiingii."

Akaisukuma pikipiki mpaka kwa jirani yao, mwanamke aliyefundisha ufundi wa injini chuoni. Wote walimwita Mwalimu. Kwanza Mwalimu alikagua waya wa klachi. Ulikuwa sawa. Kisha akauliza, "Umewekewa oili gani?"

"Ya gari. Sintetiki."

"Basi tumeanza kuelewana. Kwenye gari, mara nyingi klachi inakaa pakavu, mbali na oili. Kwenye pikipiki kama yako, oili moja inalainisha injini na gia, na klachi nayo inaogelea humohumo. Oili nyingi za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano. Klachi bila msuguano itashika nini?"

"Kwa hiyo sintetiki ni mbaya?"

"Hapana, dada. Sintetiki ni nzuri. Imetengenezwa ivumilie joto na isichakae haraka. Nusu sintetiki ni mchanganyiko wa hiyo na oili ya kawaida. Inavumilia kuliko ya kawaida, na bei yake ni ya kati. Zote zipo za pikipiki. Kosa lilikuwa kuweka ya gari."

"Nichague ipi?"

"Kwanza, fuata namba ya uzito wa oili, yaani wepesi wake wa kutiririka, iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Pili, tafuta kwenye kopo neno JASO na herufi MA au MA2. Hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi ya aina yako. Ukiona MB, acha. Hiyo ni ya skuta, ambazo klachi yake haikai kwenye oili. Baada ya hapo, sintetiki au nusu, angalia mfuko wako. Ila ujue, nusu sintetiki inayobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko sintetiki iliyosahaulika."

Dukani muuzaji alimwekea mezani kopo la oili ya gari. "Chukua hii, mama. Wote wananunua hii."

"Wote hawapandi mlima wangu." Akalirudisha. Akashika kopo jingine, akasoma polepole, herufi kwa herufi, huku foleni ikiguna nyuma yake. Hakuharakishwa na mtu. Alipoziona namba ya kitabu chake na herufi MA, akasema, "Hii. Nusu sintetiki."

Mwalimu alimwelekeza, naye akafanya kwa mikono yake. Aliwasha injini ipate joto kidogo, akaizima, akamwaga oili ya zamani kwenye dumu bila kuchafua ardhi. Akaweka mpya mpaka kwenye alama ya kijiti cha kupimia, isipungue wala isizidi.

"Kama sahani za klachi hazijaungua, zitashika," alisema Mwalimu. "Zikiwa zimeungua, tutazibadilisha. Usikate tamaa."

Mwanzoni klachi iliteleza bado. Spana akacheka mpaka akakaa chini. Mama Gesi akaendelea na kazi, akibeba mtungi mmoja mmoja. Siku zikapita, klachi ikaanza kushika. Asubuhi moja akapanda na mzigo wote bila kushuka. Vijana wa kijiweni wakampisha.

"Bahati tu," alisema Spana jioni hiyo. "Klachi imejirudi yenyewe." Kisha akamgeukia mdogo wake, mume wa Mama Gesi. "Lete pikipiki yako nikuwekee oili."

Mume akainua uso. "Hapana, kaka. Ile ya gari usiniwekee. Nionyeshe kopo kwanza, nisome."

Mama Gesi akapiga kiki, akaondoka. Mteja wa juu alikuwa anasubiri gesi apike.