Jemadari Aliyepelekwa Bila Mkuki

Enzi hizo bunduki ilikuwa bado habari ya kusikia tu katika nchi za bara, na mtu mwenye majembe matano ya chuma aliweza kuoa. Mto Malo uligawa tawala mbili. Magharibi yake ilikuwa Ubilo, nchi ya wafua chuma, chini ya Mtemi Nyamizi, mwanamke aliyerithi kiti cha baba yake na kukikalia miaka ishirini. Mashariki ilikuwa Ukonze, nchi ya ng'ombe, chini ya Mtemi Lugundu. Upande huo huo wa mashariki, hatua chache kutoka mtoni, zilikuwa chemchemi za chumvi za Mgonda. Kwa maagano ya mababu, watu wa nchi zote mbili walikwenda kuchemsha chumvi pale kila kiangazi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka wapi.

Kiangazi kile maagano yalivunjika. Kasoma, mwana wa dada yake Lugundu, alikutwa amelala kando ya chemchemi, mkuki ubavuni, roho imeshatoka. Kesho yake askari wa Ukonze waliwazingira watu thelathini na mmoja wa Ubilo waliokuwa kwenye vyungu vyao vya chumvi, wakawaswaga hadi kwenye boma la mtemi. Mmoja wa mateka hao alikuwa Nshoma, dada wa pekee wa Shigela, jemadari wa Ubilo.

Shigela alikuwa mtu wa vita tangu ndevu zilipomwota. Alikuwa amepigana mara tisa na kushinda mara nane, na ile ya tisa hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Habari ilipofika, hakungoja kuitwa. Aliingia ikulu amevaa ngozi yake ya chui, mkuki mkononi, akakuta baraza limekwisha kaa.

"Mtemi," alisema, "nipe mashujaa mia nne. Mvua haijaanza, mto unavukika. Nitaliteketeza boma la Lugundu kabla mwezi haujaandama."

Mnyampara mmoja, mshauri wa mtemi, mzee mwenye sauti ya pole, aliuliza: "Na mateka je, jemadari? Moto wako utajua yupi ni wetu na yupi ni wao?"

"Kila siku tunayokaa hapa kuulizana, wao wanatucheka!"

"Wacha wacheke. Aliyecheka hajaua mtu."

Baraza likagawanyika. Vijana wa ngao walipiga mikuki yao chini. Wazee walitikisa vichwa. Walibishana mpaka koo zikakauka, na muda wote huo Mtemi Nyamizi alikuwa akizungusha bangili yake ya shaba. Hatimaye aliinua mkono.

"Tutapeleka mjumbe," alisema. "Na mjumbe ni wewe, Shigela."

Jemadari alidhani amesikia vibaya.

"Nikimpeleka mzee, Lugundu atasema Ubilo imeishiwa wanaume," mtemi aliendelea. "Akikuona wewe umekuja mikono mitupu, atajua kwamba vita ninayo, na nimeizuia. Ngolo, msaidizi wako, atakaa na mashujaa mia nne ng'ambo yetu ya mto, mahali pa kuonekana. Nakupa siku saba. Siku ya saba jua likifika utosini nawe hujarudi, atavuka."

"Mtemi, mimi sijui maneno ya wajumbe."

"Unajua kusema kweli?"

"Najua."

"Basi unajua ya kutosha. Niachie huo mkuki."

Shigela aliuweka mkuki miguuni pa mtemi, akatoka, mkono wake wa kuume ukining'inia kama si wake.

Alifika Ukonze siku ya tatu. Boma la Lugundu lilikuwa juu ya kilima kinachotazama mto, limezungushiwa magogo na ua wa minyaa, na watu wake walimfahamu mara moja. Walimpekua hata kwenye nywele. Kisha wakamweka katika zizi la ndama, wakamwambia mtemi ana shughuli. Alingoja siku hiyo, na ya nne, na ya tano, na ya sita. Wapita njia walisimama kumtazama simba wa Ubilo akifukuza nzi. Zamani angekuwa amemvunja mtu taya. Lakini kupitia nafasi za magogo aliwaona mateka wakipelekwa kuteka maji, na Nshoma akiwa kati yao, amekonda lakini anatembea. Dada yake alimwona pia. Hakupunga mkono wala hakulia; alimtazama tu, akaangusha kichwa kidogo, kama mtu anayesema nimekuona. Shigela akakaa chini tena na kungoja.

Asubuhi ya siku ya saba aliitwa. Lugundu alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu ya msiba, amejifunga kaniki mpya. Kulia kwake alisimama jemadari wake, mkono juu ya shoka. Kushoto, juu ya mkeka, alikaa mwanamke aliyenyolewa kichwa. Huyo alikuwa Kalunde, dada wa mtemi, mama wa marehemu.

"Sema," Lugundu alisema.

"Mtemi Nyamizi anakusalimu, na anakupa pole ya msiba," Shigela alianza. "Anaomba uwafungue watu wake. Naapa kwa kaburi la baba yangu, hakuna mtu wa Ubilo aliyemuua kijana wenu."

Lugundu alitoa ishara. Mkuki ukaletwa, ukatupwa mbele ya Shigela.

"Huu si chuma chenu?"

Shigela aliinama kuutazama. Shingo ya mkuki ilikuwa imezungushiwa nyuzi tatu za shaba. Alama ile hawakuwa nayo wafua chuma wote wa Ubilo. Ilikuwa ya wapelelezi wake mwenyewe. Mwezi uliopita, bila kumwambia mtemi wake, alikuwa amemtuma mpelelezi mmoja, Lutema, aende kupima njia za Mgonda, ili siku vita ikija Ubilo iwe tayari. Lutema alirudi bila mkuki. Alisema umechukuliwa na mto. Shigela aliyaona macho yake yakikwepa, akaona damu kavu kwenye kamba ya kiatu, na hakuuliza. Hakutaka kujua.

Baraza zima lilikuwa likimngoja. Kumbe ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angesema chuma cha Ubilo kinauzwa kila soko, na nani angembishia? Angefukuzwa, mchana Ngolo angevuka, na vita aliyoitaka angeipata. Alimtazama Kalunde. Mwanamke yule hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiutazama ule mkuki kama mtu anayetazama mlango aliotokea mwanawe asirudi.

"Nafuta kiapo changu," Shigela alisema. Sauti yake ilimtoka kavu. "Nilipoapa sikujua. Sasa najua. Mkuki huu ni wa mtu wangu. Nilimtuma mimi, kwa siri, kupeleleza. Mtemi Nyamizi hakujua, na hawa thelathini na mmoja hawakujua. Nadhani kijana wenu alimkuta mafichoni, naye akaogopa. Damu ya Kasoma ni juu yangu."

Jemadari wa Ukonze alikwisha kuinua shoka. "Amekiri! Mtemi, unangoja nini?"

"Ngoja," Kalunde alisema.

Aliinuka polepole, akaja kusimama mbele ya Shigela, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. "Kwa nini umesema? Ungeweza kunyamaza."

"Ningenyamaza, mama, mchana wa leo wangekufa wengi. Na ningekufa siku moja nikijua ni mimi niliyewaua."

Kabla hajajibiwa, baragumu lililia kutoka bondeni. Watu wakakimbilia uani. Shigela alitazama juu: jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kufika utosini. Chini, ng'ambo ya Malo, ngao za ngozi ya nyati zilikuwa zikishuka ukingoni kwa safu.

"Ni Ngolo," alisema. "Ana amri ya kuvuka. Niache niende nikamzuie, mtemi."

"Ukawaongoze, sema hivyo!" jemadari wa Ukonze alifoka. "Anatoroka huyu."

"Dada yangu mmemshika. Niende wapi?"

Lugundu alisita, jasho likimtoka. Vita ilikuwa mlangoni pake, na mtu pekee wa kuizuia alikuwa mtu aliyetoka kukiri damu ya mpwa wake. Ni Kalunde aliyemwamulia. Alivua mkufu wake wa shanga, akauweka mikononi mwa kaka yake, kama mtu asiye na hakika ya kurudi. "Nakwenda naye," alisema. "Akigeuka, nami niko ubavuni pake. Mwanangu mmoja ametosha. Sitaki mama mwingine anyolewe kichwa kwa ajili yake."

Walikimbia. Kalunde alikuwa na miguu ya mtu aliyefuata ng'ombe maisha yake yote, na Shigela ndiye aliyehema. Walipofika ukingoni, safu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia majini, maji viunoni, na wapiga upinde wa Ukonze walikuwa wamejipanga nyuma yao juu ya mwinuko, podo zimejaa. Shigela aliingia mtoni, mikono juu.

"Ngolo! Rudisha watu!"

Maji yalimeza sauti yake. Mshale ulitoka nyuma, sijui kwa amri au kwa hofu, ukamchana Shigela bega na kutumbukia mbele yake. Mashujaa wa Ubilo waliona damu ya jemadari wao. Walinguruma, wakaongeza mwendo. Hapo Kalunde alimpita Shigela, maji kifuani, akasimama mbele ya ngao ya kwanza akiwa ametandaza mikono, kichwa chake kilichonyolewa kiking'aa juani. Kijana mwenye ngao ile alisimama. Hakujua afanye nini na mwanamke wa matanga aliyesimama katikati ya mto. Wa nyuma wakamgonga, safu ikaparaganyika, na katika ule ukimya wa kushangaa sauti ya Shigela ikasikika.

"Mateka wako hai! Maneno yamesikilizwa! Jua bado halijafika, Ngolo, tazama juu!"

Ngolo alitazama juu. Kisha alipumua pumzi ndefu iliyosikika ng'ambo zote mbili, akageuza mkuki wake ncha chini.

"Jemadari," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka bila aibu, "nilikuwa nimekwisha kukuzika."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akafuata. Mashujaa mia nne waliojiandaa kufa walisimama ndani ya maji wakicheka kama walevi, wakirushiana maji, na juu ya mwinuko wapiga upinde wa Ukonze, wasioelewa lolote, wakaanza kucheka nao.

Watemi wawili walikutana Mgonda siku ya kumi. Mateka walifunguliwa. Maagano yalisemwa upya, na safari hii yaliongezwa neno: mtu akifa chemchemini, pande zote zitakaa kuulizana kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Lutema alikiri na kufukuzwa nchi zote mbili. Shigela alivuliwa ngozi ya chui mbele ya watu, na Ngolo akavikwa. Kisha Kalunde aliulizwa anataka nini kwa mwanawe.

"Ng'ombe ninao," alijibu. "Sina wa kunilimia. Huyu anipe misimu mitatu."

Wengi walitegemea Shigela angeinamisha kichwa kwa aibu. Nshoma, aliyesimama karibu naye, alisimulia baadaye kwamba kaka yake alifumba macho na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo mwisho wa safari. "Nenda nyumbani, dada," alimwambia. "Mimi sijambo. Ni kweli, sijambo."

Alilima misimu mitatu, akaongeza wa nne bila kuombwa. Aliporudi Ubilo, nywele zimeingia mvi, hakuna aliyempigia ngoma.

Watambaji wa Ubilo wana tenzi ndefu za vita vyake vinane alivyoshinda, na majina ya waliokufa yamo humo yote. Kuhusu mwaka ule wa mto Malo hawana utenzi. Hakuna cha kuhesabu. Ngolo alikufa mzee, kwa kikohozi. Yule kijana wa ngao ya kwanza alizaa watoto tisa na kuwachosha wote kwa kusimulia habari za mama wa matanga. Mashujaa wale wengine walikufa mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake, wengi wao vitandani, wakilalamikia mgongo.