Pale Palipotulia

Kabla jua halijawa kali, Mama Tyubu huwa ameshafika ufukweni. Mumewe, Fundi, humsaidia kusukuma mkokoteni. Siku za kazi Fundi huziba pancha kando ya barabara ya bandarini. Tyubu za magari makubwa zisizofaa tena kwa safari, yeye huzitia viraka na kuzijaza upepo. Mkewe huzikodisha kwa watu wanaokuja kuoga baharini.

Ufukwe wao uko mjini kabisa. Upande mmoja kuna ukuta mrefu wa mawe ulioingia baharini. Nyuma ya ukuta ni bandari. Ukisimama mchangani unaona kreni zikiinua makontena, na honi za meli zinakuziba masikio. Upande wa pili kuna barabara, vibanda vya soda, na watu, watu, watu.

Mama Tyubu alikuwa na mahali pake, karibu na ukuta. Kwingine kote mawimbi yalivunjika yakatoa povu. Pale hapakuwa na povu. Maji yalitulia, yakawa na rangi nzito.

"Leteni watoto huku," aliwaambia wateja. "Kule mawimbi yatawaangusha. Hapa Mungu ametuwekea beseni."

Aliyaamini maneno yake. Hata binti yake aliogelea hapo hapo. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumapili moja alikuja mdogo wake Fundi. Alikuwa kuli bandarini, kifua kama kabati. Jina lake la utani, Papa, alijipa mwenyewe.

"Shemeji, niazime tyubu moja," alisema.

"Papa gani anayeogelea na tyubu?"

"Ya kulalia tu, shemeji. Papa naye huchoka."

"Nenda zako! Papa wa kwenye sufuria wewe."

Papa akacheka, akaingia majini hapo hapo palipotulia, bila tyubu. Punde kichwa chake kikaonekana mbali. Akageuka arudi. Mikono ikapiga maji kwa nguvu. Watu wakacheka, wakidhani anajionyesha.

"Mama," Chiriku aliuliza, "mbona baba mdogo anaogelea kuja huku, lakini anakwenda kule?"

Kicheko kikakatika. Papa alikuwa amefungua mdomo, anameza maji.

Fundi hajui kuogelea. Hata hivyo alikimbia, na viatu vyake miguuni. "Ndugu yangu! Ndugu yangu anakwenda!" Maji yalikuwa yamemfika kifuani mkono ulipomshika ukosi wa shati. Alikuwa Dada Filimbi, mwokoaji aliyeletwa na halmashauri ya mji siku chache tu nyuma.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui! Lakini ni ndugu yangu!"

"Basi rudi. Sitaki kutafuta ndugu wawili."

Akapuliza filimbi. "Wewe! Acha kupigana na maji! Lala chali! Elea!"

Papa alilala chali. Hakuwa na nguvu ya kufanya jingine. Maji yakampeleka hadi nje ya mawimbi, kisha yakalegea. Dada Filimbi alimfuata na ubao wake wa kuelea, akampandisha, akapita naye kando, mbali na ukuta. Walipofika penye povu, mawimbi yenyewe yaliwasukuma hadi mchangani.

Papa alitapika maji ya chumvi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maji ya leo yana nguvu."

"Maji ya leo, shemeji, au Papa wa leo?" Mama Tyubu alijibu, machozi yakimtiririka.

Papa alitaka kwenda nyumbani. Dada Filimbi alikataa. "Aliyemeza maji hivi apelekwe zahanati, hata kama anasema ni mzima. Maji yakiingia kifuani huweza kumbana baadaye."

Alipelekwa, akakaguliwa, akapona. Dada Filimbi akarudi kwa Mama Tyubu.

"Mama yangu, usikasirike. Hapa unawaweka watu langoni."

"Lango la nini, mwanangu?"

"Tazama. Mawimbi yanaleta maji pwani mchana kutwa. Umewahi kuona maji hayo yakijaa mpaka barabarani?"

"Hapana."

"Basi yanarudi kwa njia gani?"

Mama Tyubu akageuka kuyatazama maji.

"Yanatafuta penye kina, yanatoka hapo kwa pamoja," alisema Dada Filimbi. "Ni kama watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Wote wanabanana lango moja. Ukisimama hapo, utakwenda nao upende usipende. Penye kina mawimbi hayavunjiki, ndiyo maana unaona pametulia. Huo ni mkondo."

Aliokota kipande cha ubao, akakitupa penye povu. Wimbi likakirudisha hadi miguuni pao. Akakitupa pale palipotulia. Kikaenda, kikaenda, kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa uzi.

Mama Tyubu akakaa chini mchangani. "Ee Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaita."

"Usilie, mama. Hama."

Chiriku hakuweza kunyamaza. "Na ukishachukuliwa je?"

"Usishindane nao. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka mbele tu. Anayezama ni aliyechoka. Lala chali, pumua. Inua mkono mmoja uonekane. Ukiona maji yamelegea, pita kando, sambamba na ufukwe, mbali na ukuta. Kisha rudi kupitia penye povu."

"Na sisi wa nchi kavu?" Fundi aliuliza, ukosi wa shati bado umekunjamana.

"Asiyefunzwa kuokoa asiingie. Atupe kitu kinachoelea. Mmoja akimbie kuita msaada. Mmoja amnyooshee kidole yule aliye majini, asimwondolee macho. Kichwa cha mtu baharini hupotea mara moja."

Basi walihama. Haikuwa rahisi. Wateja walinung'unika kwamba povu linawaingia machoni. Baadhi waliondoka. Muuza soda alimcheka kila asubuhi.

"Mama Tyubu kakimbia maji matulivu! Kesho tutamkuta anakodisha tyubu jangwani!"

"Cheka tu, jirani," alijibu. "Nikikosa mteja nitapata mwingine. Mtoto wa mtu nitampata wapi?"

Fundi alisimamisha miti karibu na ukuta, akaifunga vitambaa vyekundu. Alichukua madumu matupu, akatia maji kidogo ndani ya kila moja ili lirushike mbali, akaziba vifuniko barabara na kufunga kila dumu kamba ndefu. Madumu yakaning'inia mitini, tayari.

Ikafika sikukuu. Ufukwe ulijaa hadi mchanga hauonekani. Dada Filimbi alikuwa mwisho kabisa wa ufukwe, akimfunga kidonda mtu aliyekanyaga chupa. Wakati huo tyubu moja iliponyoka mikononi mwa mteja, ikaelea kuelekea ukutani. Chiriku akaikimbilia. Hakutaka mali ya mama yake ipotee. Alipita vitambaa vyekundu bila kuviona. Maji yakamfika kiunoni, kisha miguu haikugusa tena chini.

Mama Tyubu aliona. Miguu yake ilikuwa tayari imeingia majini. Hapo akasimama. Mtoto ni wake, uchungu ni wake, na akasimama. Nguvu ile aliipata wapi, Mungu ndiye anayejua.

"Chiriku! Lala chali!"

Papa, aliyekuja kula sikukuu nao, alikuwa akivua shati. "Niacheni nimfuate!"

"Shemeji, we kimbia! Mwite Filimbi! Baba Chiriku, kidole!"

Papa akakimbia kama mwizi. Fundi akanyoosha kidole, akakazia macho. Na kule majini, yule mtoto asiyejua kunyamaza alikuwa kimya, chali, mkono mmoja juu.

Mama Tyubu alitupa dumu. Likafika nusu ya njia. Akalivuta, akatupa tena. Kamba ikaisha, na Chiriku yuko mbele zaidi.

"Kamba fupi!" watu wakapiga kelele. "Jamani, kamba fupi!"

Mama Tyubu aliyatazama maji. Kisha akaifungua kamba kwa meno, akalitupa dumu peke yake, katikati kabisa ya pale palipotulia.

"Umepagawa?" alifoka muuza soda. "Unalipoteza!"

"Silipotezi. Maji yaliyomchukua mwanangu ndiyo yatakayompelekea."

Dumu likaenda. Likayumba, likanyooka, likafuata njia ile ile. Watu walishika vichwa. Chiriku akageuza shingo, akaliona, akapiga maji mara chache, akalikumbatia kifuani.

Ukelele uliotoka hapo, nadhani hata mabaharia bandarini waliusikia.

"Kando!" Mama Tyubu aliita. "Pita kando, mwanangu!"

Chiriku akapiga miguu, polepole, mbali na ukuta. Watu mchangani wakatembea sambamba naye, wake kwa waume, wote wakiimba neno moja: "Kando! Kando! Kando!" Alipofika penye povu, wimbi la kwanza likambeba, la pili likamsukuma. Dada Filimbi, aliyekuja mbio na Papa nyuma yake, akampokea kwenye maji ya kiunoni.

"Mama, nimeelea!" Mdomo ulikuwa umerudi kazini. "Niliogopa, nikahesabu pumzi, halafu dumu likaja lenyewe, halafu..."

Mama yake alimkumbatia yeye pamoja na dumu, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watu wote. Fundi alisimama karibu nao, kidole bado kimenyooka kuelekea kwa binti yake.

"Baba," Chiriku alisema, "shusha mkono. Nimeshafika."

Waliangua kicheko na kilio kwa pamoja.

Zahanati walimkagua Chiriku, wakamkuta mzima. Familia iliporudi kuchukua mkokoteni, muuza soda alikuwa ameketi na madumu yake matatu, akihangaika na kamba.

"Fundi," alisema bila kuinua macho, "hebu nionyeshe fundo lako. Nami naweka yangu hapa."

Wakati huo basi lilisimama barabarani. Vijana wageni wakateremka na taulo mabegani. Mmoja akaonyesha karibu na ukuta. "Twendeni pale, pametulia!"

Mama Tyubu hakuwahi hata kufungua mdomo. Ufukwe mzima, wauzaji, wateja, wazee kwa watoto, ulipaza sauti:

"Siyo hapo! Njooni huku penye povu!"