Mbuzi wa Noel

Emiliana hakuwa na shamba la pili. Hakuwa na ndugu ofisini. Hakuwa na elimu zaidi ya darasa la saba, wala kaka mwenye sauti kubwa wa kumsemea. Na subira hakuwa nayo kabisa. Hilo majirani wote wa Mwankoko walilijua.

Alikuwa na mume, Fredrick, na watoto wanne, na shamba la samadi nyuma ya nyumba. Zamani hapo palikuwa zizi la ng'ombe la baba mkwe wake. Udongo wake ulikuwa mweusi. Mtama ulikubali, alizeti ilikubali. Familia nzima ilikula kutoka hapo.

Asubuhi moja alikwenda kupalilia. Akakuta mafundi wawili wanachimba msingi kando ya shamba.

"Mnachimba nini hapa?"

"Vyumba sita, mama. Vya kupangisha."

"Vya nani?"

"Vya bosi Noel."

Emiliana alirudi nyumbani mbio, jembe mkononi.

"Baba Dina! Toka nje! Umeuza shamba?"

"Mimi?" Fredrick alishtuka. "Sijauza hata tuta moja!"

Noel alikuwa mfanyabiashara wa mjini Singida. Miaka mitatu nyuma alikuja kuomba pa kulima alizeti. Fredrick akampa kipande cha pembeni mwa shamba hilo, kama baba yake alivyowapa wageni. Noel akaleta mbuzi. Mbuzi akachinjwa, wazee wakaitwa, wakala, wakashuhudia. Katika ukoo wa Fredrick kila mtu anajua maana ya mbuzi huyo. Mgeni atalima, na akimaliza shida yake shamba litarudi kwa mwenyewe. Mbuzi ni heshima. Si bei.

Jioni Noel alifika kwa pikipiki. Alikuwa na karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Noel, kitu gani hiki unatufanyia?"

"Maendeleo, mzee wangu. Mjini vyumba havitoshi. Watu wanaongezeka, kodi inapanda, wapangaji wanasogea huku. Kiwanja nilikinunua kwa mbuzi, mbele ya wazee. Weka dole gumba hapa, tumalize."

"Kwa mbuzi mmoja?" Emiliana alifoka. "Hata banda la kuku halinunuliwi kwa mbuzi mmoja!"

"Mama, haya ni mambo ya wanaume."

"Ulipokuja kuomba pa kulima, ulikunywa uji wa nani? Wa wanaume?"

Fredrick aliinama. "Mama Dina, taratibu. Tukigombana na mgeni, watu watasema nini?"

"Waseme! Watoto wako watakula maneno ya watu?"

Akainyakua karatasi. Akampita Noel bila kumtazama, akaenda kwa jirani yao Rukaiya. Fredrick akamfuata. Rukaiya alikuwa msaidizi wa kisheria wa kata. Walimkuta anaanua mlenda aliokuwa ameukausha.

Rukaiya aliisoma karatasi yote. "Shemeji Fredrick, ungeweka dole hapa? Imeandikwa 'nimeuza'."

"Sisi tulimwazima!"

"Mlimwazima bila maandishi. Hapo ndipo mlipokosea."

Fredrick aliumia. "Baba yangu aliwaazima watu ardhi maisha yake yote. Hakuandika."

"Baba yako aliwaazima watu waliomjua. Ardhi ilikuwa nyingi, na hakuna aliyetaka kujenga vyumba hapa. Sasa mji umefika mlangoni kwako. Watoto wetu wamekua, wageni wamekuja, na wote wanataka pa kulala. Kipande ambacho jana hakuna aliyekiangalia, leo watu wanakigombania. Desturi yako ni nzuri, lakini mgeni wa leo anaweza kuikana. Iandike."

"Tuandike nini?" Emiliana aliuliza.

"Ukiazima shamba, andika ni la nani, linaishia wapi, na litarudi lini. Mashahidi watie sahihi. Usiweke dole kwenye karatasi ambayo hujasomewa yote. Na shamba la familia haliuzwi bila ridhaa ya mke."

"Umesikia, Baba Dina? Mambo ya wanaume!"

Kesho yake walikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akamwita Noel na wazee waliokula mbuzi. Mzee Manase alisimama kwa shida, akamwelekezea Noel fimbo yake.

"Mimi nilikula paja la mbuzi yule. Nilikula kuazima. Sikula kuuza! Kijana, unataka kutufanya sisi wazee waongo?"

"Na mawe yangu ya msingi je?" Noel alilalamika. "Nimeleta lori zima."

"Yalikuja kwa lori," Emiliana alisema. "Yaondoke kwa lori."

Wazee walicheka. Noel hakucheka. Aliona kwamba hana shahidi hata mmoja. Akakubali kufukia msingi, kuvuna alizeti yake, na kurudisha kipande. Mara hii waliandika. Emiliana alisoma kila mstari kwa sauti kabla mtu yeyote hajatia sahihi.

Msingi ulifukiwa. Lakini hasira haikumwisha.

"Huyu ameondoka," alimwambia Rukaiya. "Je, atakayekuja kesho?"

"Ombeni shamba lipimwe na lisajiliwe. Andikeni barua idara ya ardhi ya manispaa."

Fredrick aliandika polepole, akatia jina lake chini.

"Na mimi?" Emiliana aliuliza.

"Si tuko wote?"

"Tuko wote shambani. Kwenye karatasi uko peke yako."

Fredrick alimtazama mkewe. Kisha akaandika upya: *Sisi, Fredrick na Emiliana, tunaomba.* Emiliana alitia sahihi yake kwa nguvu, karibu karatasi ichanike. Akaitia barua kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana mezani kwa kiganja.

Rukaiya alikuwa anakwenda mjini siku hiyo. Emiliana alimkabidhi bahasha pamoja na nakala ya barua.

"Dada, wagonge muhuri kwenye nakala yetu, kuonyesha wameipokea. Wasikwambie uje kesho."

"Wakiniambia?"

"Waambie nakuja mwenyewe."

Rukaiya alicheka, akapanda bodaboda, na barua ikaenda.