Mawe Mawili Bila Unga

Kila asubuhi Jentrix alipeleka maziwa hotelini pale Kitale, kisha akatimua mbio hadi shuleni. Darasa la saba zima lilimjua kwa miguu yake yenye mbio. Lakini muhula huo alianza kuchechemea kama kuku aliyefungwa kamba.

"Sasa wewe, mguu una nini?" akauliza rafiki yake, Chepchumba.

"Si kitu. Nimelala vibaya."

Kukhu, nyanya yake aliyekuja kuwatembelea kutoka Bungoma, hakudanganyika. Alilitazama goti lililovimba kama boga changa, akasema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Mawe mawili yasagana mchana kutwa, unga hauonekani."

Jentrix aliwaza mpaka akachoka. "Nimeshindwa, Kukhu. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Bungoma."

"Bungoma nimeichukua! Ila jibu utalipata goti likitazamwa."

Daktari wa Kitale alisema picha za kawaida huonyesha mifupa tu. Akawatuma Eldoret, kwenye mashine ya sumaku inayoonyesha hata gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa.

"Ati wanakusukuma ndani ya bomba kama mkate," Chepchumba akamtania. "Ukitoka, mguu umebaki huko!"

Jentrix alicheka, lakini moyoni akajiuliza. Wakimkata mguu je? Wakimtoa kwenye timu ya wilaya je?

Alikuwa na kinga yake: pini iliyoshika namba yake kifuani siku aliposhinda mbio za Webuye. Alipovaa gauni la hospitali, akaichomeka kwa ndani, penye pindo.

"Una chuma chochote? Saa, hereni, pini?" akauliza Bwana Kiptanui, mpiga picha wa mashine hiyo.

"Sina," akajibu Jentrix.

Mlango mzito ukafunguliwa. Ndani palikuwa na baridi, na bomba jeupe likimkodolea kama jicho lisilopepesa. Alipolikaribia, pindo la gauni likanyanyuka lenyewe. Likavutwa, kama mtu asiyeonekana amelishika!

"Kukhu! Nakufa!"

Bwana Kiptanui akamdaka, akamrudisha nje mbio. Akaitoa ile pini pindoni. "Mtoto, ingechomoka hii, ingekutoboa jicho!"

Jentrix alilia kwa kwikwi. Kukhu hakumgombeza. Alimfuta machozi kwa ncha ya leso.

"Pini imetoka. Ndani kumebaki nini kingine?"

"Goti, Kukhu," akasema kwa sauti ndogo. "Liliniuma hata kabla ya mbio za Webuye. Nilinyamaza nisitolewe kwenye timu."

"Hilo kamwambie daktari."

Akarudi ndani bila pini. Mashine ikagonga na kunguruma kama kinu cha kusagia mahindi, naye akafumba macho, akaomba bila kutikisa hata kidole. Ilipotulia, alitazama haraka. Miguu yote miwili ilikuwepo.

Daktari alimsikiliza, kisha akawaonyesha picha yenye rangi. "Hapa gegedu imeanza kujaa maji na kulegea. Bado haijachanika. Hatukati mtu, lakini ungeendelea kukimbia na kunyamaza, ingeisha. Mwaka huu hakuna mbio."

Jentrix aliinamisha kichwa. Habari hiyo iliuma kuliko goti.

Nje, Kukhu akamshika mkono. "Na kile kitendawili?"

"Ni goti! Mawe ni ile mifupa miwili."

"Na unga?"

Jentrix akafikiri. "Ni gegedu ikisagika."

"Ndiyo, mjukuu wangu. Goti halina mdomo. Ukilingoja liseme lenyewe, utauona unga. Wewe ndiwe mdomo wake, basi useme mapema, na useme kweli. Ugonjwa ukifichwa haulali, unakua."

"Nimesikia, Kukhu."

"Haya, umejibu. Bungoma yako nakurudishia. Mwakani uje uikimbie."