Mkamburi na Mgeni wa Pembe Mbili

Haya, sogeeni. Vuteni kanga mfunike miguu. Nani hapa anaogopa kinyonga? Mkamburi alimwogopa kuliko simba!

Mkamburi alikaa milimani, kule Taita kwenye ukungu. Alikuwa na mche wake wa mkuyu, ndani ya pakiti ya maziwa. Aliumwagilia kila asubuhi, mpaka ukatoa majani saba.

Siku ya kupanda miti ikafika. Kijiji kizima kikapanda mlima kurudisha miti msituni. Miti ilikuwa imekatwa, na wanyama wa huko walikosa pa kukaa.

Mama Wakesho aliwaongoza watoto. "Ubebe mche kama yai," akasema. "Usikimbie nao. Usiuangushe. Ukivunjika, mwaka huu huna mwingine."

Njiani wakapumzika kando ya kichaka. Mkamburi akaweka mche wake chini. Alipouinua... mama yangu!

Jani la juu kabisa lina macho.

Jicho moja linatazama juu. Jicho lingine linamtazama Mkamburi. Na puani, pembe mbili!

Moyo ukaenda du-du! Du-du!

"Kaka Mwadime," akanong'ona. "Mtoe kinyonga."

Mwadime akaruka nyuma. "Mimi? Thubutu! Huyo akikung'ata, hakuachii mpaka radi ipige!"

Mkamburi akatazama juu. Radi itoke wapi? Jua linawaka!

Atupe mche? Utavunjika. Akimbie? Utavunjika. Basi akatembea.

Hatua moja. Yumba, yumba.
Hatua nyingine. Yumba, yumba.

Kinyonga akashuka jani moja. Yakabaki sita, afike kwenye vidole vya Mkamburi.

"Kaa huko huko, bwana," Mkamburi akasema. "Mimi si mti."

Hatua moja. Yumba, yumba.
Hatua nyingine. Yumba, yumba.

Yakabaki matatu. Yakabaki mawili. Likabaki moja! Du-du! Du-du!

Mara upepo, vuuu! Mche ukainama. Kinyonga akateleza. Akakamata kidole cha Mkamburi. Kap!

"Ameniuma! Mama Wakesho, ameniuma!"

Mkamburi akafumba macho. Machozi yakamtoka. Lakini mche? Hakuuachia.

Mama Wakesho akaja mbio, akainama. "Pole, mwanangu. Hebu tazama. Huo ni mdomo, au ni mkono?"

Mkamburi akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

Kilikuwa kijikono. Kidogo, cha baridi. Kimeshika kidole kwa nguvu zote.

"Anaogopa kuanguka," akasema Mama Wakesho. "Huyu ni wa milima yetu hii hii. Nyumba yake ni miti."

Mkamburi akashangaa. "Kumbe hata wewe unaogopa?"

Kinyonga akazungusha jicho.

"Basi nishike," Mkamburi akanong'ona. "Twende."

Hatua moja. Yumba, yumba.
Hatua nyingine. Yumba, yumba.

Mpaka kwenye shimo. Wakapanda mkuyu, wakashindilia udongo. Kinyonga akaachia kidole taratibu. Akapanda juu, jani kwa jani, mpaka la saba.

"Mimi sikuogopa," akasema Mwadime. "Niliruka tu kunyoosha miguu."

Watoto wote wakacheka, kwa kwa kwa!

Jioni mawingu yakaja. Mkamburi akajilaza kando ya nyanya yake. Mvua ikaanza, tiki, tiki, tiki.

Mara radi. Guduuum!

Mkamburi akakamata kidole cha nyanya. Kap!

"He! Na mimi utaniachia lini?" nyanya akauliza.

"Siachii mpaka radi inyamaze."

"Haya, shika. Siendi popote."

Na kule mlimani, kwenye mkuyu mdogo, kuna mwingine naye ameshika jani lake.

Yumba, yumba.
Yumba... yumba...

Radi ikanyamaza. Lakini Mkamburi hakuachia kidole. Alikuwa amelala zamani.