Mama Mkwe Kwenye Tope la Boryeong

Ukungu uliwafikia kabla ndoo haijajaa. Ulitoka upande wa bahari, mzito, ukiburuta manyunyu nyuma yake, na Jaegon alipoinua kichwa kuitafuta milima ya kijiji hakuiona tena. Alichokiona ni mama mkwe wake, hatua chache mbele, ameinama juu ya kijembe chake akichokoa kombe za baharini topeni kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama, hatuoni nchi kavu."

"Ipo tu, bwana Pyo. Nchi kavu haina miguu. Wewe nenda kapumzike, tafadhali. Nimesema tangu mwanzo, huku si mahali pa mgeni."

Ndilo neno lililomtesa Pyo Jaegon tangu alipofika: mgeni. Alikuwa mtu wa Daegu, mji wa bara, ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu. Alikuwa amemwoa Miryeong majira ya kuchipua, na mwenye duka la viatu alikofanya kazi akampa likizo katika wiki ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, wiki ya mvua zisizokatika. Basi wakaja Boryeong kuwasalimu wakwe. Kila siku mama mkwe, Bi Gong, alimchinjia kuku. Alimsemesha kwa heshima zote, macho chini, sauti ya chini, na Jaegon akishika ufagio tu ananyang'anywa. Siku ile banda lilikuwa limebaki na kuku mmoja anayetaga, barabara ya sokoni imefunikwa na maji, na kwa Bi Gong, kumwandalia mkwe meza ya kabeji ya kuchachushwa peke yake ilikuwa sawa na kutembea uchi mbele za watu.

Wanawake wenzake walimkataza. Trekta ya kijiji inayowabeba wachokoaji haikutoka siku hiyo. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali sana na yangerudi kwa kasi. Bi Gong akajibu kwamba anakwenda kuchota kidogo tu pale karibu, akabeba ndoo yake ya bati. Jaegon, kwa aibu ya kula kuku wa watu bila jasho, akavaa mabuti ya marehemu baba mkwe na kumfuata. Miryeong alikuwa amelala usingizi wa mchana, hakujua lolote.

Na "pale karibu" pakawa mbali, maana kila walipochokoa, kombe nzuri zaidi zilikuwa mbele kidogo.

Walipogeuka kurudi, Bi Gong akitangulia, mguu wake wa kulia ulizama hadi gotini. Akacheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa mbele ya wageni. Alipoukazia wa kushoto ili ajinasue, nao ukazama, na wa kulia ukaingia hadi kwenye paja. Mvua za wiki nzima zilikuwa zimekifurisha kijito kitokacho kwenye mashamba ya mpunga, nacho kikahama njia yake chini ya tope. Mahali alipopapita miaka yote pakiwa pagumu, sasa palikuwa uji. Hilo Bi Gong hakulijua, na kijijini hakukuwa na mtu aliyelijua.

Jaegon alilala kifudifudi ili asizame naye, akaanza kufukua kwa mikono. Kila bonge la tope alilolitoa, jingine lilijaza shimo. Mabuti ya Bi Gong yalifika mapajani, na alikuwa ameyafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli kwenye kifundo na juu ya goti ili yasivuke. Sasa yalikataa kuvuka.

"Toa mkono!" Bi Gong alifoka.

"Mama, mpira uko hapa juu ya goti. Nikiufungua..."

"Nimesema toa mkono! Mtu hamshiki mama wa mke wake mapajani."

"Maji yanakuja, mama!"

Bi Gong alisita. Mvua ilimchuruzika usoni. "Basi fumba macho," alisema.

Jaegon akafumba macho. Ndani ya ukungu ule, shavu lake likiwa kwenye tope, alipapasa huku kafumba macho kweli kweli, kwa sababu alikuwa ameahidi. Kucha mbili ziling'oka. Mpira ulikuwa umevimba na kukaza, na kila alipouvuta mama mkwe aliuma meno na kuguna. Haukufunguka. Alijaribu kumshika kwapani na kumvuta, akazama mwenyewe hadi magotini, ikabidi ajinasue kwa kubingirika.

Hapo kiunoni mwake kitu kikatetema na kulia.

"Nini hicho?"

"Peja yangu. Ni Miryeong." Alikifuta kwa kidole kidude kile cha kupokelea namba za simu. Ilikuwa namba ya simu ya nyumbani, kisha namba ambayo vijana wote wa wakati ule walitumiana: nane, mbili, nane, mbili, ambayo kwa Kikorea husikika kama "haraka, haraka". "Anasema tufanye haraka."

"Mwambie tumekwama."

"Haisemi, mama. Inasikia tu."

Bi Gong alikitazama kile kidude. "Sasa uliinunua ya nini?" aliuliza, na Jaegon akairudisha kiunoni.

Walipiga kelele pamoja hadi wakakauka koo. Kiu ikawashika, wakafumbua midomo kuielekea mvua, wakapata matone ya kulowesha ulimi. Kisha Bi Gong akamwambia kwa upole uleule wa mezani: "Bwana Pyo, nenda ukalete watu. Shika moja kwa moja, usipinde. Ukikuta vigingi vya njia ya trekta, vifuate."

Alimwonyesha kwa kidole. Jaegon alikitazama kile kidole na kukishukuru. Aliogopa, na ndani ya woga ule mlikuwa na furaha ya kuambiwa aondoke. Hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Alikwenda mbio za kujikwaa. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa kivuli. Alipogeuka tena, hakuwepo. Vigingi hakuvikuta. Akapinda kidogo kulia kuvitafuta, kisha kushoto, kisha akasimama na kugundua kwamba hajui tena mbele ni wapi. Nyayo zake mwenyewe zilikuwa zikijaa maji nyuma yake. Maji yale hayakuja kwa wimbi wala kishindo. Yalitambaa tu, membamba, ya kijivu, yakizunguka visigino vyake kutoka kila upande.

Ndipo spika za kijiji zikafunguka.

"Mama Miryeong! Mama Miryeong! Hapa ni mwenyekiti wa kijiji, Eom! Popote ulipo, jibu!"

Jaegon alilia kwa furaha. Akakimbilia sauti. Lakini kijiji kilikuwa na nguzo tatu za spika kuizunguka ghuba, na vilima nyuma yake vilirudisha kila neno. Sauti ilitoka mbele, ikatoka ubavuni, ikatoka kisogoni. Aliifuata hii, akaiacha, akaifuata ile. "Jibu! Mama Miryeong, jibu!" Alijibu, akaita, akamwita mke wake, akamwita mama yake aliyemzaa. Mwenyekiti Eom hakuwa mtu wa kuachia kipaza sauti kirahisi. Aliwaasa wasiogope, akawakumbusha wasilale, akaeleza kwamba mashua ya mvuvi Nam imekwisha toka na injini imezimwa ili wawasikie, kisha akaanza upya kuita. Ndani ya kelele ile, hata Jaegon hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, na chini ya miguu tope likaanza kuteremka. Peja ilitetema mara nyingine, ikanyamaza moja kwa moja.

Eom aliponyamaza kidogo kukohoa, Jaegon alisikia kitu kingine: mlio wa bati likigongwa. Ngo, ngo, ngo. Nyuma yake! Alidhani wanawake wa kijiji wanagonga masufuria ufukweni. Akageuka, akakata maji kwa mikono na miguu, akicheka na kulia, hadi ukungu ukafunguka na mbele yake akaona kichwa, mabega na ndoo.

Mama mkwe alikuwa palepale. Maji yalimfika chini ya matiti.

Jaegon hakuwahi kukata tamaa namna ile maishani mwake. Alitaka kukaa chini, na hapakuwa na pa kukaa.

"Umerudi," alisema Bi Gong.

Jaegon alifungua mdomo kukanusha, spika zikapiga kelele tena.

"Sasa nisikilize!" Bi Gong alimvuta kola, akamwekea mdomo sikioni. "Angalia povu! Maji yanajaa, yanakwenda nchi kavu. Linakokwenda povu ndiko kuliko kijiji! Liandame, bado unagusa chini!"

Jaegon akatazama. Mapovu ya kahawia yalikuwa yakipita kando yao, yote kuelekea upande mmoja. Ilikuwa njia iliyo wazi kuliko barabara. Akamtazama mama mkwe, ambaye kidevu chake kilikuwa kikitetemeka kwa baridi, na mara mguu wake yeye mwenyewe haukutaka kunyanyuka.

"Nenda!"

Hakwenda.

"Bwana Pyo, nakuomba!"

Alizunguka nyuma yake, akamkumbatia kwapani na kumwegemeza kifuani. Akaimwaga ndoo, kombe zote zikarudi baharini, akaipindua na kuibana mbele yake ili hewa iliyomo iwasaidie kidogo.

Basi Bi Gong akamtukana. Zile heshima zote za tangu arusi zilikatika mara moja. "We mpumbavu! We kichwa maji wa Daegu! Unataka mwanangu azike wawili? Umekula kuku wangu watatu hata akili hazikukuingia?"

"Hazikuniingia, mama."

"Punda!"

"Ndiyo, mama."

Alimpiga kiwiko cha mbavu. Jaegon akazidi kumshika. Hawakuwa na lingine la kufanya. Hakuweza kumtoa, hakuweza kumwacha, hakuweza hata kumzuilia mvua. Maji yalifika mabegani kwa Bi Gong, kisha shingoni, naye akaacha kutukana ili kufunga mdomo. Jaegon alikiinua kidevu chake kwa kiganja. Sehemu fulani karibu nao, labda karibu sana, makasia yaligonga ubavu wa mashua. Walipiga yowe. Mwenyekiti Eom akapiga yowe zaidi: "Mama Miryeong! Kwa nini hujibu? Kama unanisikia, ji..."

Neno likakatika katikati.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno hata mvua ikasikika ikigusa maji. Jaegon alivuta pumzi yote iliyobaki na kuitoa. Haikuwa na neno ndani yake. Ilikuwa sauti tu, kama ya ng'ombe.

"Huku!" mtu akajibu, karibu kuliko walivyothubutu kufikiri. "Endelea! Usinyamaze!"

Mashua ya Nam ilitokea. Nam alijitosa na kamba, akazama na kisu, akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena. Bi Gong alimeza maji, akatapika, akameza tena. Kisha kitu kikaachia chini, na mama mkwe wa watu akachomoka bila buti hata moja.

Nyumbani walilazwa kwenye sakafu iliyowashiwa moto chini yake, wamefunikwa mablanketi mpaka puani. Watu walijaa. Mwenyekiti Eom alikaa mlangoni amenuna, waya wa spika uliokatika mkononi, maana ni Miryeong aliyeingia ofisini kwake na kuung'oa ukutani bila hata salamu.

"Mkwe wangu huyu," Bi Gong aliwaambia wanawake kwa sauti iliyokwaruza, "nilimtuma aende, akaenda, akarudi. Akarudi mwenyewe."

Wanawake wakapiga ulimi kwa mshangao. Mmoja akafuta machozi. Jaegon aligeukia ukuta.

Watu walipotawanyika, na Miryeong akiwa jikoni akikoroga uji, Jaegon alisema bila kugeuka: "Mama, mimi sikurudi."

"Najua."

"Nilisikia bati. Nilidhani nimefika kijijini. Ningejua ni wewe..."

"Nilikusikia unavyokata maji. Ulikuwa unakwenda kwenye mkondo mkuu, wenye kina. Pale hata mashua hufungwa nanga mbili. Ndiyo maana nikagonga ndoo."

Jaegon alifunika uso. "Basi kwa nini umewaambia vile?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu kaolewa na mtu asiyejua kulia na kushoto?" Bi Gong alikohoa kwa muda, akashika ubavu. Alipopata pumzi, sauti yake ilikuwa nyingine. "Kuja nilikuita mimi. Lakini povu ulikwisha kuliona. Ukakaa. Kukaa nani alikuita?"

Jaegon alilia. Alilia waziwazi, mabega yakimtikisika chini ya blanketi la ukweni, na Bi Gong akamwacha alie. Miryeong aliingia na bakuli mbili za uji, akasimama akiwatazama, asijue amkabidhi nani kwanza.

"Mpe huyo mpumbavu," alisema mama yake. "Mimi nangoja upoe."