Ukuta Usiobeba Kitu

Timazi haina ndugu wala rafiki. Ukiining'iniza, kamba yenye uzito nchani inanyooka kwenda chini, basi, imemaliza kazi yake. Kwa hiyo fundi alipoining'iniza ya kwake kule darini kwa dada yake, akaona kamba inalalia upande wa ukuta, kwanza alijicheka. "Uzee huu," akasema. Akaishika, akaituliza, akaiachia. Ikalala tena ukutani. Na upepo haukuwepo. Hata utando wa buibui dirishani ulikuwa umetulia tuli.

Dada yake alikuwa amesimama kwenye ngazi, anamtazama. Ndiye aliyemwita aje amtobolee mlango kwenye ukuta ule. Upande wa huku ndiko alikokuwa akilala binti yake, Chiriku, mtoto wa maneno mengi, mpaka homa ilipomchukua. Upande wa pili hapakuwa na kitu: nafasi tupu chini ya paa, giza na vumbi, wala njia ya kuingilia hakuna.

"Dada, mlango wa kwenda wapi?"

"Nataka pa kuwekea vitu."

"Vitu gani?"

"Mdogo wangu, wewe ni fundi au askari? Pima."

Akapima. Ukuta haubomolewi kwa pupa, jamani. Unaulizwa kwanza kama umebeba kitu, maana ukitoboa uliobeba paa, paa linakufuata. Alishuka sebuleni kutazama kama chini yake kuna ukuta mwingine: hakuna. Akapanda tena, akazifuata mbao za paa kwa tochi: zilipita juu tu, hazikuuegemea. Akachomeka rula kati ya ukuta na mbao, ikapita bila kugusa chochote. Ukuta ule haukubeba hata njiwa.

Kilichobaki ni kuugonga, asikie kama ndani una uwazi. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko.

Ukajibu. Ko, ko, ko.

Fundi akarudi nyuma. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ileile aliyokuwa akipakwa mtoto siku zake za mwisho, na chini ya harufu hiyo uvundo wa kitu kilicholowa kikafungiwa muda mrefu. Kisha ikaja sauti nyembamba, ya karibu mno, kana kwamba mdomo umebandikwa kwenye tofali.

"Mjomba, nifungulie."

 Chiriku alikuwa hawezi kumwona fundi akishika kazi bila kumtwanga maswali: kwa nini tofali linaloweshwa, kwa nini msumari unapinda, nani alimfundisha fundi wa kwanza. Fundi akausogelea ukuta, akasema kwa sauti ya chini, "Chiriku, mwanangu, niulize kitu basi. Chochote."

"Mjomba, nifungulie."

"Haliwezi kuuliza," dada alinong'ona. "Nimeshajaribu."

"Kwa hiyo unajua si yeye?"

"Tangu siku ya kwanza. Hilo ni jini, mimi si mtoto. Lakini sauti ni yake, mdogo wangu. Kule kaburini nakwenda kila siku, hakuna sauti."

"Na ukilifungulia?"

"Litanimaliza. Liache linimalize."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, na utulivu ule ulimtisha fundi kuliko ile sauti, kwa sababu huyu ndiye dada aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, aliyelala na njaa ili yeye ashibe, na sasa alikuwa anauomba mlango wa kufia kama mtu anayeomba dirisha la jikoni. Fundi akafanya jambo ambalo katika ufundi wake wote hakuwahi kulifanya.

"Dada, mlango hauwezekani. Ukuta huu umebeba paa lote. Ukigusa tofali moja, nyumba inatuangukia."

Dada alimwamini. Mabega yalimshuka, machozi yakaanza kumtoka, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mama, anakudanganya," ukuta ukasema. "Huu haujabeba kitu."

Dada akamgeukia. Fundi akainamisha macho, na hilo likawa jibu. Mama wa watu akainama kwenye mfuko wa vifaa, akatoa nyundo kubwa, na fundi akamwambia dada tafadhali, dada nakuomba, huku ukuta ukigongwa kutoka ng'ambo, juu na chini na pembeni kwa wakati mmoja, plasta inadondoka, uvundo unawakaba, na sauti ya Chiriku inaita mama, mama, mama, bila kuvuta pumzi katikati, jinsi mtoto aliye hai asivyoweza kuita.

Dada aliinua nyundo. Akakaa nayo juu, akamtazama mdogo wake aliyemlea. Kisha akaitupa ngazini, ikabingirika mpaka sebuleni, akaketi sakafuni na kuuegemeza mgongo wake kwenye ukuta unaotikisika.

"Nenda kamwite mganga. Kimbia, mdogo wangu. Kimbia kabla sijabadilisha nia."

Mganga alikuwa bibi wa mtaa wa nyuma, mtu asiye na makeke. Alifukiza ubani, akaliamuru lile jini litoke kwa maneno aliyoyajua yeye, na likakataa kwa sauti ya Chiriku. Likalia, likacheka, likaomba maji, likasema mama naogopa giza. Fundi aliziba masikio. Dada hakuziba. Aligeuka, akalibandika sikio lake ukutani, akaifuata sauti ile kila ilipokwenda, ikiwa ndogo, ikiwa ndogo zaidi, kwa kuwa hakuna siku nyingine ambayo angeisikia tena.

"Limekwenda," mganga akasema. "Pole, mama."

Dada akalibandua shavu kwenye plasta.

"Siku ile watu walimzika mwanangu mimi nimezimia," akasema. "Leo nimemzika mwenyewe."